MOTOKARI YA OKAZIO: TUIPIME KAMA MGONJWA, ISIJE IKATUUMIZA



Jumapili moja, saa nane ya mchana, walituletea baba mmoja kwenye dispanseri. Ni mfanyakazi wa mashini za kusaga mawe, mtu wa zamu ya usiku, tunamjua sote hapa kambini. Uso wake ulikuwa mwekundu, na ngozi ya shingo na ya mkono wa kuume ilikuwa inabambuka kama ngozi ya nyanya iliyotiwa ndani ya maji ya moto. Watoto wake walikuwa wanalia mlangoni. Tulimwuliza: «Baba, kumetokea nini?» Hakuweza kusema. Bibi yake alijibu kwa ajili yake: «Ni motokari.»

Tulifikiri ni ajali ya barabarani. Hapana. Motokari ilikuwa imesimama ndani ya lupango, mashini imezimwa. Baba alifungua kifuniko cha radiateri, basi.

Motokari ile aliinunua kwa feza alizoweka kidogo kidogo miaka minne. Ilikuwa na miezi miwili tu kwake. Na tangu juma la kwanza sindano ya joto ilikuwa inapanda, naye kila asubuhi alitia maji litri moja, kisha akaenda kazini. Majirani walipomwuliza, alisema: «Hii inapenda maji.» Sikilizeni vizuri: hakuna motokari yenye kupenda maji. Motokari inayoomba maji kila asubuhi ni mgonjwa, kama vile mtu anayekunywa maji usiku kucha naye ni mgonjwa, na sisi waganga tukimwona tunapima sukari yake.

Mimi si mekanisiani. Lakini miaka yote niliyofanya dispanseri nimeona jambo moja: watu wengi wanaoumizwa na motokari ya okazio hawaumizwi wakati wa kukimbia. Wanaumizwa lupangoni, wakiinama juu yake au wakilala chini yake, wanatafuta ugonjwa wake bila kujua mahali pa kutia mkono. Ndiyo sababu ya somo hili. Mekanisiani mmoja wa garaji alilisoma mbele yenu, akanisahihisha mahali pawili, na ninamshukuru.

KABLA YA KUTOA FEZA

Motokari nyingi za okazio tunazoziona huku Katanga zinatoka Japani. Zinashuka kwenye bandari ya Dar es Salaam, zinapita Tunduma, zinakata Zambia, zinaingia kwetu kwa Kasumbalesa. Nyingine zinatoka Ubelgiji na Ulaya. Watu wanauliza: kama ni nzuri, mbona Mjapani aliiuza? Jibu ni kwamba kule Japani serikali inapima kila motokari, mara ya kwanza ikiwa na miaka 3, kisha kila miaka 2, na kupima huko kunakula feza nyingi. Wengi wanaona afazali kuuza. Basi si lazima iwe mbovu. Lakini tangu iuzwe kule mpaka ifike kwako, imepita mikononi mwa watu wengi, na si wote walioipenda.

Mgonjwa akija kwetu tunamwuliza, tunamtazama, tunamsikiliza, tunamgusa. Fanya vilevile. Nenda asubuhi, na kabla ya yote weka mkono juu ya kapo. Ikiwa ya moto, mwenye kuuza ameiwasha mbele ya wewe kufika. Kwa nini? Mashini baridi ndiyo inayosema ukweli. Mwambie utarudi kesho, na umkataze kuiwasha.

Ikiwa baridi, fungua ufunguo bila kuwasha mashini. Taa nyekundu na za manjano mbele ya volani zinapaswa kuwaka zote, kisha ukiwasha mashini zizimike. Ikiwa taa moja haiwaki hata kidogo, usifurahi. Pengine wameitoa ampule ili usione ugonjwa. Angalia zaidi taa yenye picha ya mtu na mpira mbele ya tumbo lake: ni ya mfuko wa upepo, ule unaovimba wakati wa kugongana. Ikiwa haiwaki kamwe, huenda mfuko ulikwisha kupasuka katika ajali ya zamani na hawakuweka mwingine. Na kuna mifuko ambayo yenyewe ni hatari. Ile ya Takata, kampuni ya Japani iliyoanguka mwaka 2017, ilikuwa na baruti iliyoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ilipopasuka ilirusha vipande vya chuma usoni mwa watu. Makumi ya milioni ya motokari ziliitwa kurudi garajini ulimwenguni kote. Kwa motokari nyingi unaweza kutafuta nambari ya shasi kwenye intaneti, kwenye ukurasa wa mtengenezaji, ukaona kama yako imo. Kijana wako mwenye simu anaweza kukusaidia.

Sasa iwashe, utazame moshi nyuma. Moshi wa buluu: mashini inakula mafuta. Moshi mweusi: inakunywa esansi kupita kiasi. Moshi mweupe kidogo wakati wa baridi ya Juni si kitu, unapotea baada ya dakika chache. Lakini moshi mweupe, mzito, usiokwisha, ni maji yanayoingia mahali yasipopaswa kuingia. Vuta kijiti cha mafuta, fungua na kifuniko cha mafuta ya mashini. Ukiona kama kahawa yenye maziwa, funga kapo, uage kwa heshima, uende zako.

Tazama vilevile mpira wa pedali. Kaunta inasema kilometa 60.000, na mpira wa pedali ya freni umelika mpaka chuma? Kaunta imerudishwa nyuma. Pedali haijui kusema uongo.

RADIATERI

Nirudi kwa baba yetu. Aliniuliza baadaye, uso umefungwa bandeji: «Lakini mashini ilikuwa imezimwa. Maji yalitoka na nguvu gani?»

Maji ndani ya radiateri hayako kama maji ya sufuria. Huku Lubumbashi tuko juu, karibu metre 1.200 kupita bahari, na maji ya sufuria yanachemka karibu na digri 96. Lakini kifuniko cha radiateri kinafunga kabisa, kinaweka presio ndani, na kwa sababu ya presio hiyo maji yanaweza kupita digri 110 bila kuchemka. Yametulia, lakini kifuniko ndicho kinachoyashika. Siku unapofungua, presio inakwisha mara moja, maji yote yanachemka mara moja, yanaruka na mvuke wake juu ya yule anayeinama. Na sote tunainama ili tuone ndani.

Sindano ikipanda ukiwa njiani, zima klima, fungua hewa ya moto mpaka mwisho, hata kama jua linawaka. Hewa hiyo inatoa joto kwenye mashini. Tafuta mahali pazuri, simama, zima. Ukiona mvuke unatoka pembeni mwa kapo, usiifungue kwanza. Ngoja. Ngoja dakika 45, na saa nzima ni afazali. Kisha minya mpira mkubwa wa juu wa radiateri kwa kitambaa: ukiwa mgumu kama pineu, presio ingalimo, ngoja tena. Ukiwa laini, weka kitambaa kizito juu ya kifuniko, geuza uso pembeni, zungusha kidogo tu mpaka hatua ya kwanza, acha ipumue, kisha malizia. Usimwage maji baridi ndani ya mashini yenye moto, chuma kinaweza kupasuka. Tena weka vidole mbali na panka: kwenye motokari nyingi za siku hizi panka inaendeshwa na umeme, inaweza kuzunguka yenyewe hata mashini ikiwa imezimwa. Kijana mmoja alitujia na ncha ya kidole ndani ya kitambaa. Alikuwa anapangusa radiateri tu.

Sasa tafuta ugonjwa, na uanze na kilicho rahisi. Kifuniko chenyewe: mpira wake umekauka au umepasuka? Mipira ya maji na vifungo vyake: kuna alama nyeupe au kijani ya maji yaliyokauka? Kurua inayozungusha pompi ya maji imelegea? Panka inazunguka mashini ikiwa na moto? Termosta inafunguka? Huku kwetu wengi wanaitoa termosta na kuitupa, wakidhani wameponya motokari. Hawakuiponya. Bila termosta mashini inachelewa kupata joto lake, inakunywa esansi nyingi, inalika mbele ya wakati wake, zaidi asubuhi za Juni na Julai. Na ugonjwa wa kweli ungali ndani.

Kama maji yanapungua na chini hapana tone, kama unaona mapovu ndani ya radiateri mashini ikizunguka (iwashe ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi tangu mwanzo), kama mafuta yamekuwa kahawa na maziwa, basi jointi ya kilasi imekufa. Usiendelee kuiendesha. Hiyo ni kazi ya garaji.

Kwa motokari ya baba yetu, garaji ilikuta kifuniko kibovu, kisichofaa radiateri ile, na mpira mdogo wa nyuma uliopasuka kama ukucha. Vyote viwili havikufikia bei ya gunia la unga. Ilikuwa bahati kwamba bibi yake alifanya neno moja la maana: alimwosha kwa maji ya bomba, muda mrefu, bila kumsikiliza jirani aliyekuja mbio na dawa ya meno. Macho yake yote mawili yanaona leo.

Fanyeni kama huyo mama. Mtu akichomwa na maji ya radiateri: maji safi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20. Si barafu. Toa pete, saa na nguo mbele ya kuvimba, lakini nguo iliyoshikamana na ngozi iache. Usipake dawa ya meno, wala mafuta ya ngazi, wala yai, wala mafuta ya freni. Haya yanashika joto ndani na kuleta uchafu, kisha sisi tunalazimika kuyasugua juu ya kidonda, na mgonjwa analia mara ya pili. Usipasue malenge. Funika kwa kitambaa safi, njoo. Moto wa uso, wa mikono, na wa mtoto mdogo usingojee kesho.

Neno moja tena juu ya maji yale ya rangi, ya kijani au mekundu, wanayotia ndani ya radiateri. Ni mazuri kwa mashini, yanazuia kutu. Lakini ni sumu, na utamu wake unadanganya watoto. Yanaua figo. Usiyaweke ndani ya chupa ya limonadi.

«MALARIA» YA NJIANI

Hapa nataka mnisikilize kuliko mahali pengine pote, kwa sababu ugonjwa huu hauna rangi wala harufu, na tunaupoteza hata sisi wa kazi.

Mama mmoja alikuja na watoto watatu. Wote wanne kichwa kinauma, wawili wametapika, mdogo analegea. Walikuwa wametoka Likasi, karibu kilometa 120. Tulipima malaria: hapana kwa wote. Mama akasema: «Juma lililopita ilikuwa vilevile, tukameza dawa ya malaria ikapita.» Nikamwuliza kama baba naye anaumwa. Baba alikuwa mzima. Baba anaendesha na dirisha lake wazi, kwa sababu anavuta sigara.

Tulikwenda nje kutazama motokari. Bomba la moshi, lile tunaloita eshapema, lilikuwa na tobo chini ya kiti cha nyuma, na mpira wa mlango wa nyuma ulikuwa umeliwa. Moshi ulikuwa unaingia ndani polepole, njia nzima.

Katika moshi wa mashini kuna hewa inayoitwa monoksidi ya kaboni. Ukiivuta, inashikamana na damu yako kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, inakaa mahali pa oksijeni, na mwili unakosa hewa ingawa unapumua. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kutapika, kulegea miguu, usingizi. Aliyelala nyuma ya motokari hajui kama ni usingizi wa kweli. Watoto wanaumia mbele ya wakubwa, na mama mwenye mimba ana hatari mbili, kwa sababu mtoto tumboni anaumia kuliko mama.

Namna ya kuutambua: malaria haiwashiki watu wanne saa ileile na kuwaacha walipofika nyumbani. Kama watu wa motokari moja wanaumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, usiseme malaria. Sema motokari. Simamisha, zima, toeni wote nje. Anayelegea au aliyezimia mlete mbio hospitali, maana dawa yake ni oksijeni, na hiyo hamna nyumbani.

Ili kuitafuta mbovu: mashini ikiwa baridi, nje penye hewa, mtu mmoja azibe mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kizito kilicholowa kwa muda mfupi tu, na mwingine asikilize pembeni. Ukisikia sss chini ya motokari, tobo liko hapo. Masizi meusi juu ya bomba ni alama yake vilevile. Tazama mipira ya mlango wa nyuma na matobo ya sakafu. Usitembee na mlango wa nyuma wazi ukiwa umebeba mzigo mrefu. Hewa inageuka nyuma na kurudisha moshi ndani. Tena motokari nyingine zinafika zimekatwa katalizeri, kile chombo cha ndani ya bomba kinachosafisha moshi, kwa sababu kina platini na madini mengine ya bei. Motokari ile inatoa sumu nyingi kuliko ilivyotengenezwa. Na usiwashe mashini ndani ya garaji iliyofungwa, hata kwa kutia moto simu yako.

FRENI NA VUMBI LAKE

Pedali ikishuka kama unakanyaga godoro, kuna hewa ndani ya mafuta ya freni, au mafuta yamezeeka. Mafuta haya yanakunywa maji ya hewani kidogo kidogo. Baada ya miaka 2 hivi inafaa kuyabadilisha, maana kwenye mteremko mrefu freni inapata moto, maji yale yanachemka, na pedali inakwenda chini bila kushika. Pedali ikishuka polepole huku umeikanyaga, mafuta yanavuja mahali. Motokari ikivutwa upande mmoja, upande mmoja haushiki. Ukisikia chuma kinasugua chuma, plaketi zimekwisha na sasa unakula diska.

Pima na servo: mashini imezimwa, kanyaga mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu, endelea kukanyaga, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, ni vizuri. Ikibaki ngumu, nenda garaji.

Sisi watu wa mgodi tunajua vumbi. Tunajua wazee waliomaliza mapafu yao. Basi mbona ninaona vijana wanafungua gurudumu na kupuliza vumbi la freni kwa mdomo? Plaketi za zamani zilitengenezwa kwa amianti, na vipande vyenye amianti bado vinauzwa mahali pengine ulimwenguni. Hakuna anayeweza kuitambua kwa macho. Lowesha kwa maji, pangusa kwa kitambaa kilicholowa, kitupe ndani ya mfuko uliofungwa. Wala usipulize na kompresa. Nguo ya kazi hiyo usiifue pamoja na za watoto.

PINEU

Hapa ni fupi, lakini inaokoa watu. Ubavuni mwa pineu tafuta neno DOT, na mwisho wake tarakimu 4. 2314 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2014. Watu wanatazama meno tu. Pineu inaweza kuwa na meno mazuri nayo ni mzee, mpira umekauka ndani, na kwenye njia ya Kasumbalesa, jua la Oktoba, watu saba na magunia juu, inapasuka. Ikipita miaka 10, itoe hata kama inang’aa. Wengine wanaipaka dawa nyeusi sokoni ili ing’ae. Upepo upime asubuhi mbele ya kutembea, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mlango wa shofere.

Na kama volani iko kuume, kumbuka kwamba huku Kongo tunatembea upande wa kuume, si kama Zambia na Tanzania. Ukitaka kupita lori huoni kitu mpaka motokari nzima iko nje. Kaa mbali na lori, usimtegemee abiria akuambie «pita».

BATRI

Asubuhi unazungusha ufunguo, unasikia tak-tak-tak, taa zinafifia: batri imechoka au vichwa vyake vina uchafu mweupe. Kama taa zinawaka vizuri na inapiga tak moja tu, angalia demareri. Mwenye kipimo cha umeme apime: batri nzima iliyopumzika ni volti 12,6 hivi, na mashini ikizunguka iwe kati ya 13,8 na 14,5. Chini ya hapo alternateri haifanyi kazi yake, na batri mpya utakayonunua itakufa vilevile.

Batri inatoa hewa inayolipuka. Usiwashe kiberiti kutazama maji yake usiku, tafuta tochi. Toa pete na saa. Ukifungua, anza na nyaya nyeusi, na ukifunga iwe ya mwisho. Ukiazima nguvu kwa motokari ya jirani, funga nyekundu kwa nyekundu, kisha nyeusi kwenye batri nzima, na mwisho wa nyeusi uufunge kwenye chuma cha mashini mbali na batri mbovu. Cheche ya mwisho itoke huko, si juu ya batri.

Maji ya batri ni asidi. Wale wa kazi ya asidi kiwandani wanaijua na wanavaa miwani, lakini nyumbani miwani hawavai. Ikiingia jichoni, usitafute maziwa wala dawa: maji ya bomba au ya ndoo, jicho wazi, dakika 20 na zaidi, ndipo uje. Dakika za kwanza ni zako, si zetu.

CHINI YA MOTOKARI, NA ESANSI MDOMONI

Kriki ni ya kuinua. Si ya kushika. Usitie kichwa chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake, hata kwa kuokota buloni moja. Tofali linapasuka bila kuonya. Weka vigingi vya chuma vya garaji, zuia magurudumu mengine kwa mawe pande mbili, na gurudumu ulilolitoa lisukume chini ya shasi. Mtoto asicheze karibu.

Lingine ni kufyonza esansi kwa mpira na mdomo. Kila mwaka tunapata mmoja au wawili. Anakohoa, anacheka, anasema ni kidogo tu. Lakini esansi ni nyepesi kuliko maji, inateleza, tone linaloingia mapafuni linayachoma, na homa na kukosa pumzi vinakuja baada ya saa kadhaa, wengine usiku. Hapa watu wanafanya makosa yaleyale: wanamtapisha, wanampa maziwa au mafuta ya ngazi. Msifanye. Ukimtapisha, esansi inapita kooni mara ya pili na kupata tena njia ya mapafu. Aoshe mdomo, avue nguo zilizolowa, akae wima, aje dispanseri hata kama anajiona mzima, nasi tutamwangalia kwa muda wa saa 6 au zaidi. Ukitaka kuhamisha esansi, nunua pompi ya mkono sokoni.

Na kama ni mtoto aliyekunywa esansi, mazuti au maji ya radiateri, usipoteze wakati kumwuliza wala kumpiga. Mbebe, njoo naye, na chupa yenyewe ulete, hata kama ni tupu, ili tuinuse na kujua alikunywa nini.